Je, wajua ardhi ya wakfu, yaani iliyotolewa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, isiyouzwa wala kurithiwa, hujengwa ghorofa vipi?

Ukipita Banda Street, katikati ya Nairobi, utaona maduka yaliyouzunguka Msikiti wa Jamia, uliokamilika mwaka 1933. Msikiti hupokea kodi kutokana na maduka, na wapo wanaoshangaa: mali ya Mwenyezi Mungu inafanyiwaje biashara?

Rudi Khaybar, kule Uarabuni enzi za Mtume. Umar bin Khattab, sahaba wake, alipata shamba huko, akamwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri. Akaambiwa akitaka, azuie asili yake, yaani shamba lenyewe, na mazao yake ayatoe sadaka. Shamba likawa haliuzwi, halitolewi zawadi wala halirithiwi, na msimamizi akaruhusiwa kula humo kwa wastani. Kwa hiyo tangu mwanzo wakfu ulitakiwa uzae. Kiwanja kilichozungushiwa ukuta na kuota magugu hakimfai maskini yeyote.

Ugumu huja kamati inayosimamia wakfu inapotaka kujenga. Chukua ploti ya wakfu kule Eastleigh yenye vyumba vya mabati, huku majirani wote wameshapanda ghorofa. Benki, hata ile isiyotoza riba, itataka hati iwekwe dhamana, na malipo yakikwama hati huishia kwenye mnada. Wakfu haupigwi mnada. Basi kamati ina kitu kimoja tu cha kuuza, nacho ni muda.

Mwekezaji hupewa kiwanja kwa miaka iliyokubaliwa, ajenge kwa fedha zake, akusanye kodi mpaka arudishe mtaji na faida, kisha akabidhi jengo kwa wakfu. Ile minara ya saa iliyo mbele ya Msikiti Mtukufu wa Makka imesimama juu ya wakfu wa Mfalme Abdulaziz, na mkandarasi alipewa miaka 28 kwa mpango wa namna hiyo. Ardhi haikuhama mkono.

Njia nyingine mfanyabiashara wa Eastleigh anaijua vizuri, ila yeye huiita gudwili: unalipa kitita kikubwa kabla ya kuingia dukani, halafu kodi ya kila mwezi. Waturuki wa Dola ya Uthmaniyya walifanya hivyohivyo wakati majengo ya wakfu yalipoteketea kwa moto Istanbul na mifuko ikawa mitupu. Mpangaji alitoa kitita kilichojenga upya, akabaki kulipa kodi ndogo mwaka hadi mwaka. Majengo yalisimama, kweli. Lakini haki ya mpangaji ikaja kurithiwa na watoto wake, kodi ikabaki palepale huku bei za vitu zikipanda, na mwishowe wakfu ukawa na jina tu. Kwa maoni yangu, kamati inayoona gudwili kuwa fedha za bure haijaisoma historia hii.

Mafakihi (wanazuoni wa sheria) wa madhehebu ya Kihanafi waliliona hilo mapema. Mwakifu, yaani aliyetoa wakfu, asipoweka sharti lake, wengi wao waliwekea ukodishaji mpaka: nyumba mwaka mmoja, shamba miaka mitatu. Walihofia kwamba mpangaji akikaa sana, watu watamdhania ndiye mwenye mali. Mpaka huo haujengi ghorofa leo, lakini hofu yake inaweza kuingizwa kwenye mkataba: kodi ipitiwe upya kila baada ya miaka michache kwa bei ya soko, na mpangaji asimpangishe mwingine bila idhini. Tena matengenezo yatolewe kwanza kwenye mapato, kabla ya mgao wa wanufaika. Paa likivuja, wote hukosa.

Hati nayo ina mambo yake. Ikiandikwa kwa jina la mzee mmoja mwaminifu, siku akifariki warithi wake wanaweza kuichukulia kama mali ya baba. Ndiyo maana misikiti na taasisi huandikisha wadhamini kisheria, ili mdhamini akifa au akiondoka mali ibaki mikononi mwa chombo chenyewe. Kenya pia ina Sheria ya Wakfu ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 1951, pamoja na Tume ya Wakfu.

Na ikiwa kiwanja hakifai tena kabisa, labda barabara imekikata vipande? Hapo wanazuoni wengi huruhusu kubadilishana, yaani istibdal: kinauzwa, na fedha zote zinanunua mali nyingine yenye thamani sawa au zaidi, ambayo nayo inakuwa wakfu kwa masharti yaleyale ya mwakifu. Fedha hizo haziruhusiwi kulipia mishahara, hata kwa mkopo wa wiki moja.