Kichwa kinaniuma: jifunze Kihispania ukianzia Kiswahili

Wanafunzi wangu wengi wa Kihispania huja na vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza, na karibu wote hujikwaa kwenye sentensi moja: Me gusta el café, napenda kahawa. Kitabu kimewaambia kitenzi hiki, gusta, kinakwenda kinyumenyume. Kinyume na lugha ya nani?

Kiache kitabu, shika sentensi ya mgonjwa: Me duele la cabeza, kichwa kinaniuma. Kinachouma ni kichwa; mwenye maumivu ni hiyo me, yaani -ni- yetu, ila wao huiweka kabla ya kitenzi. Hata “changu” hakihitajiki: la cabeza, si mi cabeza. Maumivu yakihamia miguuni, kitenzi kinaingia wingi: me duelen los pies, miguu inaniuma. Kwa hiyo me gusta el café ni kahawa inanipendeza, na me gustan los mangos ni maembe yananipendeza. Kitenzi kinapatana na maembe, si na mlaji.

Sasa sikiliza hii: Se me perdió la llave. Vitabu vingi huichelewesha hadi ngazi ya kati, chini ya kichwa kirefu kuhusu matukio yasiyokusudiwa. Mimi huifundisha mapema, maana Mswahili anayo tayari: ufunguo umenipotea. Se me cayó el vaso, glasi imeniponyoka. Se me olvidó tu nombre, jina lako limenitoka. Ukisema perdí la llave, nimepoteza ufunguo, hujakosea sarufi, ila umejibebesha lawama. Mwenye nyumba akikuuliza, utajua uchague ipi.

Tengo haina shida: tengo hambre, nina njaa, tengo sed, nina kiu, tengo veinte años, nina miaka 20. Angalia tu tengo frío, kwa sababu sisi baridi tunaisikia.

Kiswahili kinatuacha njiani kwenye kutoa na kupokea. Kitenzi chetu hubeba kiambishi kimoja tu cha mtendwa: nakupa, na kitabu kinabaki nje au hakitajwi. Kihispania hubeba viwili, mtu kwanza, kitu baadaye: te lo doy, nakupa hicho, te ni wewe na lo ni kitu. Usiidondoshe lo, Mswahili huidondosha kila mara kwa kuwa masikioni mwake nakupa imekamilika. Mpokeaji akiwa yeye au wao tungetarajia le lo au les lo, lakini hazikubaliki. Zote mbili huwa se lo doy. Hii se haina undugu na ile ya ufunguo, zimefanana sura tu.

Halafu tazama sentensi hii: Le di el libro a mi madre, nilimpa mama kitabu. Mama katajwa mara mbili, kwa le na kwa jina lake, sawasawa na -m- na “mama” yetu. Anayetafsiri kutoka Kiingereza huona le imezidi, akaifuta. Wewe iache ilipo.