Nukta ya desimali haimo kwenye daftari

Pochi, yaani programu ya kutunzia sarafu za kidijitali, ikikuonyesha bitcoin 0.015, nukta hiyo imewekwa na pochi yenyewe. Kwenye daftari la Bitcoin, yaani kumbukumbu ya miamala yote, kumeandikwa 1500000 basi, yaani satoshi milioni moja na nusu. Bitcoin moja ni satoshi 100,000,000, na daftari halina kipimo kidogo zaidi ya hapo.

Sisi watunzi wa programu hatuziamini desimali, na tuna sababu. Iambie kompyuta ijumlishe 0.1 na 0.2 kwa njia yake ya kawaida. Lugha nyingi zitakujibu 0.30000000000000004. Kwenye mchezo wa video hilo halimdhuru mtu. Lakini hili ni daftari linalotunzwa na maelfu ya kompyuta zisizo na msimamizi. Mbili zikitofautiana kwa tarakimu ya mwisho tu, moja itaikubali bloku (fungu la miamala linaloongezwa kwenye daftari) na nyingine itaikataa, na mtandao utapasuka. Namba nzima hazina ugomvi huo.

Zina tabia yake, lakini. Zawadi ya wachimbaji, yaani wanaotengeneza bloku mpya, hupunguzwa nusu kila baada ya bloku 210,000. Tangu Aprili 2024 ni satoshi 312,500,000. Endelea kugawa kwa mbili, utafika 9,765,625, ambayo haigawanyiki sawasawa. Nusu satoshi inayobaki hutupwa. Ndiyo maana zile bitcoin milioni 21 zinazotajwa kila mahali hazitatimia kabisa.

Ethereum, mtandao mwingine ambao sarafu yake ni etha, imeshuka chini zaidi: etha moja ni wei 1,000,000,000,000,000,000, jina lililotoka kwa Wei Dai, mtaalamu wa kompyuta aliyebuni wazo la sarafu ya kidijitali kabla ya Bitcoin. Ada hutajwa kwa gwei, yaani wei bilioni moja. Kutuma etha kwa kawaida hutumia gesi 21,000; gesi ni kipimo cha kazi inayofanywa na mtandao. Bei ikiwa gwei 10 kwa kila gesi, utalipa gwei 210,000, sawa na etha 0.00021.

Hatari kubwa naiona kwenye tokeni, yaani sarafu zinazoundwa juu ya mtandao kama Ethereum, kwa sababu kila moja hujichagulia idadi ya desimali, yaani tarakimu baada ya nukta. USDC, tokeni inayofuata thamani ya dola ya Marekani, kwenye Ethereum ina 6. Nyingi nyingine zina 18. Programu ikidhani zote ni 18, mtu anayetaka kutuma USDC 5 ataandikiwa muamala wa USDC trilioni 5. Salio lake halitatosha, muamala utakataliwa, na hapo amepona. Kosa likiwa ndani ya mkataba, yaani programu inayojiendesha kwenye mtandao, unaokadiria thamani ya dhamana ya mkopo, hakuna cha kulizuia. Nikipewa msimbo wa aina hiyo niukague, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mahali desimali zinaposomwa. Nikikuta 18 imeandikwa kwa mkono, naurudisha kwa mwenyewe kabla sijaendelea.