Uoanifu: kwa nini programu ya video hugoma baada ya kompyuta kusasishwa

Ukiweka simu yako lugha ya Kiswahili, iko siku utalikuta neno hili kwenye duka la programu: kifaa chako hakioani na programu uliyoitaka. Wengi husoma na kupita. Mimi nalipenda, kwa sababu kuoana si kufunga ndoa tu. Hata vitu viwili vinavyolingana, kimoja kikakaa vizuri na kingine, husemwa vinaoana. Uoanifu, basi, ni hali ya programu na mfumo endeshi (kama vile Windows) kuelewana. Programu huomba huduma kwa namna ambayo mfumo unaitambua, nao mfumo hujibu kwa namna ambayo programu imeizoea. Sasisho likibadilisha namna ya kuomba au ya kujibu, programu hugoma ingawa yenyewe haijaharibika hata kidogo.

Neno hili lingejulikana zaidi hapa Dar, watu wangeokoa pesa nyingi.

Saa nne usiku alinipigia kijana mmoja anayehariri video za harusi pale Sinza. Kesho yake mchana alitakiwa kukabidhi video ya sendofu.

"Shikamoo kaka. Mashine yangu imekufa."

"Marahaba. Imekufaje?"

"Jana usiku ilijiapdeti. Sasa nikifungua kazi yangu, video zote nyeusi."

"Sauti unaisikia?"

"Naisikia. MC anaongea, vigelegele vipo, ila picha hakuna."

"Chukua faili moja, lifungue kwa VLC, ile programu ya kuchezea video."

Akanyamaza kidogo. Kisha: "Inacheza! Bi harusi huyu hapa anaingia."

Jibu hilo lilitosha kunionyesha pa kutafuta. Picha za video hazihifadhiwi zilivyo, zingejaza diski kwa muda mfupi. Hubanwa, na kanuni ya kuzibana na kuzifungua ndiyo kodeki. Kodeki iliyoenea sana ni H.264, iliyotoka mwaka 2003. Mwaka 2013 ikaja HEVC, inayobana zaidi lakini inayoitaka kompyuta ifanye kazi nzito wakati wa kufungua. iPhone zilianza kurekodi kwa HEVC mwaka 2017 zilipopata iOS 11, na vipande vingi vya kazi ya yule kijana vilipigwa kwa simu hizo. Usidanganywe na MP4 au MOV mwishoni mwa jina la faili. Hilo ni hotpoti tu: ukiliona mezani hujui kama ndani mna pilau au ugali.

VLC, programu iliyoanzia kwa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, hutembea na kodeki zake yenyewe. Programu nyingi za kuhariri hazifanyi hivyo kwa kila aina ya faili. Mara nyingi huazima uwezo wa mfumo na wa kadi ya picha, yaani kile kifaa cha ndani kinachoshughulikia picha za skrini, na anayetafsiri kati ya mfumo na kadi hiyo ni draiva. Kwa hiyo faili likicheza kwenye VLC likagoma kwenye programu ya kuhariri, faili ni zima. Kilichokatika ni mawasiliano. Kwa kijana wa Sinza, sasisho lilikuwa limeondoa draiva ya mtengenezaji wa kadi na kuweka ya jumla. Nikamwelekeza afungue Device Manager ya Windows, aguse jina la kadi ya picha, aingie sehemu ya draiva, abonyeze kitufe cha kurudisha ile iliyotangulia. Akazima mashine, akaiwasha, na picha zikarudi. (Kitufe hicho kikiwa kimefifia, pakua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kadi.)

Si kila mgomo ni wa draiva. Kwenye Mac, tangu mfumo wa Mojave wa mwaka 2018, programu hulazimika kuomba ruhusa ya kutumia maikrofoni na kamera. Catalina ya mwaka 2019 ikaongeza ruhusa ya kurekodi skrini. Mtu akihama kutoka mfumo wa zamani, anarekodi kipindi kizima na kupata ukimya, kumbe programu inasubiri aiwekee alama ya ndiyo kwenye mipangilio ya faragha. Windows nayo ina ruhusa kama hizo, na ni vizuri kuanza kukagua hapo, maana ni kazi ya dakika moja.

Upo pia mgomo usio na dawa. Catalina iliacha kabisa kuendesha programu za biti 32, yaani zilizoundwa kwa mtindo wa zamani. Aliyekuwa akitegemea programu ya zamani ya aina hiyo alibaki na mambo mawili: anunue toleo jipya, au arudi kwenye mfumo wa awali. Hapo kurekebisha mipangilio ni kupoteza usiku bure.

Kinachoniuma ni pale mtu anapobeba laptopu mpaka Kariakoo na kuambiwa papo hapo kwamba lazima apigiwe Windows upya. Hakuna aliyeuliza kama sauti inatoka, hakuna aliyejaribu faili kwa programu nyingine. Windows mpya inapigwa, na pamoja nayo zinaondoka programu zote na mipangilio ya miezi. Diski isipohifadhiwa kwanza, na video za watu zinaondoka. Pengine tatizo halijaondoka hata baada ya hapo, kwa sababu HEVC kwenye Windows mara nyingi huhitaji kiongezi kinachochukuliwa kivyake katika duka la Microsoft.

Sasisho kubwa la Windows likikushinda, kwa kawaida unazo siku 10 za kurudi toleo la nyuma kupitia mipangilio, mafaili yako yakibaki mahali pake. Zikipita, mfumo hufuta mabaki ya toleo la zamani na njia hiyo hufungika.

Sisemi watu wasisasishe. Masasisho huziba matundu ya usalama, na kuyakwepa mwaka mzima ni hatari. Ila kwetu sisi wa bando, laptopu hukaa wiki kadhaa bila kupakua kitu, halafu siku ukiiunganisha na Wi-Fi ya ofisi ya mtu, yote yanashuka kwa mpigo, katikati ya kazi. Windows inaruhusu kuyasimamisha hadi wiki tano. Yule kijana sasa akipokea kazi huyasimamisha, na akishakabidhi flashi kwa wenye shughuli, huyafungulia.