Uraia wa kurithi na mzazi aliyezaliwa nje ya nchi

Mazungumzo ya Watanzania waishio ughaibuni yanapofika kwenye suala la watoto, haikosi mtu wa kusema kwamba mtoto wa Mtanzania ni Mtanzania popote alipozaliwa. Kauli hiyo hutolewa kwa nia njema, na kwa familia nyingi inaangukia kuwa kweli. Hata hivyo sheria haisemi hivyo, na wapo wazazi wanaoiamini mpaka siku wanapokwenda kumwombea mtoto pasipoti.

Uraia wa kurithi ni uraia wa mtu aliyezaliwa nje ya Jamhuri ya Muungano ambaye siku ya kuzaliwa kwake baba au mama yake alikuwa raia. Umewekwa na kifungu cha 6 cha Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, na ni mmoja wa aina tatu za uraia, nyingine zikiwa uraia wa kuzaliwa, unaotokana na kuzaliwa nchini, na uraia wa tajnisi, yaani ule anaopewa mtu baada ya kuombwa. Tofauti na tajnisi, huu hauombwi: mwenye sifa ni raia tangu siku aliyozaliwa, na nyaraka anazopeleka ubalozini au Uhamiaji ni za kuthibitisha jambo lililokwisha kuwapo.

Sharti linalosahaulika ni kwamba mzazi huyo awe alipata uraia wake kwa njia nyingine isiyo ya kurithi. Haitoshi kuuliza kama mama ni Mtanzania. Ni lazima kuuliza alikuwaje Mtanzania. Tuchukue familia ambayo bibi alizaliwa Tanga, akaolewa na kuhamia Oman, akamzaa binti yake Muscat mwaka 1998. Binti huyo ni raia wa kurithi, na hakuna anayeweza kumpinga, kwa kuwa mama yake ni raia wa kuzaliwa. Lakini binti huyo naye akijifungua Birmingham mwaka 2024, kifungu cha 6 hakimfikii mtoto wake, hata kama binti mwenyewe ana pasipoti ya Tanzania mkononi na anazungumza Kiswahili cha Tanga kuliko sisi tulioko huku. Ikiwa baba wa mtoto pia ni raia wa kurithi, hali ni nzito zaidi, kwa sababu Uingereza nayo, tangu tarehe 1 Januari 1983, haimpi mtoto uraia kwa sababu tu amezaliwa katika ardhi yake. Kama wazazi hao hawana ukaazi wa kudumu huko, mtoto anaweza kujikuta hana nchi. Sheria yetu imeacha njia ya mtoto mdogo wa raia kuombewa tajnisi, lakini hilo ni ombi linaloamuliwa na Waziri, wala si haki aliyozaliwa nayo. Laiti binti yule angerudi kujifungulia Tanga, mtoto wake angekuwa raia wa kuzaliwa, na mtoto huyo angeweza kuwarithisha uraia wanawe watakaozaliwa nje.

Wengi hudhani kwamba kikwazo ni mzazi kuzaliwa nje ya nchi. Sivyo, na hapa ndipo ninapotamani watu watulie na kusoma kifungu chenyewe. Kuanzia mwaka 2014, zaidi ya watu 160,000 waliokimbia Burundi mwaka 1972, pamoja na watoto wao, walipokea vyeti vya tajnisi. Mzee aliyezaliwa Burundi, akakulia Ulyankulu mkoani Tabora na kupewa tajnisi, ni mzazi aliyezaliwa nje ya nchi kama yule binti wa Muscat. Lakini mtoto atakayemzaa Nairobi baada ya kupata tajnisi ni raia wa kurithi wa Tanzania, kwa kuwa uraia wa baba yake haukutokana na kurithi. Naielewa hoja iliyomo: aliyepewa tajnisi ameishi nchini na kufungamana nayo, ilhali raia wa kurithi huenda hajawahi kukanyaga. Bado naona kanuni hii inawaumiza isivyostahili watoto wa watu waliokwenda nje kutafuta riziki.

Mkanganyiko huu unachochewa pia na jirani zetu. Ibara ya 14 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humwita raia wa kuzaliwa kila mtu ambaye baba au mama yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje yake. Kisha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 inataka mzazi wa mtoto aliyezaliwa nje awe mwenyewe raia wa kuzaliwa. Matokeo yake yanakaribia kuwa kinyume cha yetu: binti wa Kenya aliyezaliwa Muscat anamrithisha mwanawe wa Birmingham, ilhali mgeni aliyesajiliwa kuwa Mkenya hamrithishi mtoto aliyezaliwa nje. Mtanzania anayemsikia Mkenya akisema mwanawe wa London ni raia wa kuzaliwa asiyachukue maneno hayo na kuyaleta nyumbani. Huku, mtoto wa Watanzania aliyezaliwa London ni raia wa kurithi, na kwa kuwa ibara ya 39 ya Katiba yetu inamtaka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uraia, yeye hana sifa hiyo.

Kuna pia suala la tarehe. Mzazi lazima awe raia siku ile mtoto anapozaliwa, na Tanzania humvua uraia mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake. Mama aliyekula kiapo cha uraia wa Marekani mwezi Machi na kujifungua huko mwezi Juni hakuwa tena na uraia wa kumrithisha mtoto, hata kama alizaliwa Mwanza na wazazi wake bado wako Mwanza.

Kwa hiyo ndugu anapouliza kama mwanawe aliyezaliwa nje ni Mtanzania, tafadhali tusimjibu kwa kutazama jalada la pasipoti ya mzazi, kwa maana jalada ni lile lile kwa raia wa aina zote tatu. Tumwombe kwanza cheti cha kuzaliwa cha mzazi mwenyewe, na ikiwa mzazi huyo alizaliwa nje, tumuulize kama ana cheti cha tajnisi na kilitolewa tarehe gani.