Mbona ukifika Marekani data inakubali ila simu haitoki?

Hili swali naulizwa sana na wanaosafiri: laini yangu ya nyumbani imeshika 4G freshi, WhatsApp inaenda, ila nikipiga simu ya kawaida inakata palepale. Kazi yangu ni hiyohiyo ya romingi, yaani kutumia laini ya nyumbani kwenye mtandao wa ugenini, kwa hiyo ngoja niieleze, maana wengi wanadhani ni salio na wala si salio.

Tangu enzi za 2G sauti ilikuwa na njia yake na data njia yake. Simu nyingi zikiwa kwenye 4G, ukibonyeza kupiga zinashuka kwanza 3G au 2G ndo simu itoke. Sasa AT&T walizima 3G Februari 2022, Verizon, mtandao mwingine wa kulekule Marekani, wakazima mwisho wa mwaka huohuo, kwa hiyo simu inatafuta pa kushukia haipaoni. Jaribu ukiwa bado nyumbani: piga, halafu angalia juu ya skrini, ile 4G ikigeuka H (3G) au E (2G) ujue bado unashuka, ikibaki 4G uko kwenye VoLTE, yaani sauti inasafiri kama data.

Ila VoLTE ya nyumbani peke yake haitoshi, lazima mtandao wako na wa kule wakubaliane na wafanye majaribio. Njia iliyoshika kasi inaitwa S8HR na mimi naikubali sana: mtandao mwenyeji, yaani wa kule ulikofikia, unabeba pakiti za data tu, simu yenyewe inaendeshwa na mitambo ya kwenu. Ukiwa Dallas ukampigia mtu wa hapohapo Dallas, sauti inaenda mpaka Nairobi ndo irudi, kuchelewa kidogo utakusikia.

Utamu wake uko kwenye hela. Zamani swichi ya ugenini ndo ilikuwa inaendesha simu, na ili ikukate salio lililoko nyumbani lazima mitandao iwe imeunganishwa kwa CAMEL, mfumo unaoiwezesha swichi hiyo kuuliza salio nyumbani wakati unapiga, pasipo na CAMEL mtu wa vocha mara nyingi hapigi kabisa. Mtu wa bili alipiga, ila mtandao mwenyeji ulikuwa unaandika faili la TAP, yaani rekodi za kudaiana kati ya mitandao: namba ya laini, saa uliyopiga, sekunde, gharama kwa SDR (ile fedha ya hesabu ya IMF), faili linapita kwa kampuni ya kati, likifika kwenu bili imeshapaa. Kwa S8HR mtambo wa kuchaji wa nyumbani unaiona simu tangu inaanza, salio likiisha inakatwa hapohapo. Na Afrika Mashariki wengi wetu ni wa vocha, ndo maana hili jambo linatugusa kwelikweli. Celtel (siku hizi Airtel) waliwahi kufuta mipaka ya romingi kati ya Kenya, Uganda na Tanzania mwaka 2006, ila waliweza kirahisi kwa sababu mitandao yote mitatu ilikuwa ya kwao.

TAP yenyewe nayo inaanza kupisha mfumo mpya wa BCE, ambapo mitandao inadaiana kwa jumla ya matumizi badala ya kuandikiana kila tukio, na ni sawa kabisa, maana mita yenye laini inayotuma data kiduchu haina haja ya kuandikiwa rekodi ndefu kila ikituma.

Kimoja tu hakitakiwi kurudi nyumbani, nacho ni simu ya dharura. Ukipiga 911 ukiwa kule lazima mtandao mwenyeji uidake wenyewe na kuipeleka kituo cha karibu, kwa hiyo ukiona mtandao umefungua romingi ya VoLTE bila kuijaribu hiyo, hawajamaliza kazi.