Ekari 40 na nyumbu: ardhi iliyotolewa ikanyang'anywa

Kila nikifundisha Marekani baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861–1865, kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyoasi, lazima mtu anyooshe mkono: "Mwalimu, si watumwa walioachwa huru walipewa ekari 40 na nyumbu (chotara wa farasi na punda) wa kulimia? Mbona hawakuendelea?" Nimeulizwa hivyo na wanafunzi, na wazazi, hata na walimu wenzangu. Swali hili limenichosha, maana linamlaumu aliyeibiwa.

Januari 12, 1865, Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini alikutana na viongozi 20 wa dini weusi mjini Savannah, Georgia. Msemaji wao, Garrison Frazier, alikuwa mzee wa miaka 67 aliyejikomboa yeye na mkewe kwa dola 1,000. Alipoulizwa watajitunzaje, alijibu kwamba wapate ardhi, wailime kwa nguvu zao. Siku nne baadaye ikatoka amri: kila familia igawiwe kiwanja kisichozidi ekari 40 katika visiwa na mwambao, kuanzia Charleston kushuka hadi Mto St. Johns, Florida. Nyumbu hatajwi humo. Watu wapatao 40,000 waliingia, wakalima.

Aprili Rais Lincoln akauawa. Rais aliyemfuata, Andrew Johnson, akawasamehe waasi wa Kusini na kuwarudishia mashamba. Oktoba Jenerali Howard, mkuu wa idara ya serikali ya kuwahudumia walioachwa huru, alitumwa kisiwa cha Edisto, South Carolina, akawakusanya watu kanisani na kuwaambia wapatane na mabwana wa zamani. Walimwandikia barua: huyu aliyenifunga mtini akanichapa viboko 39, akamchapa na mama yangu, unaniomba nimsamehe? Haikusaidia. Wengi waliishia kulima shamba la bwana kwa kugawana mavuno. Mbegu na unga umekopa, deni linakatwa kwenye fungu lako, na daftari analo yeye.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba ukisoma habari za utumwa kukomeshwa popote, uliza kwanza nani alipata ardhi na nani alilipwa. Washington, 1862, serikali iliwalipa wenye watumwa hadi dola 300 kwa kichwa. Unguja na Pemba, 1897, fidia ilikwenda kwa mabwana vilevile.

Yako na madai mengine ninayoyasikia. "Lincoln aliwaacha huru wote 1863." Hapana. Tangazo lake la kuwaacha watumwa huru liligusa sehemu zilizoasi tu. Kentucky na Delaware watu walibaki watumwa hadi Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyopiga marufuku utumwa, Desemba 1865.

"Weusi walipewa madaraka wasiyoyaweza." Bunge la katiba la South Carolina la 1868, ambalo wajumbe wake wengi walikuwa weusi, ndilo lililoweka shule za umma kwa watoto wote, weupe kwa weusi.

"Waliacha wenyewe kupiga kura." Louisiana, mwaka 1896, wapiga kura weusi zaidi ya 130,000 walikuwa wameandikishwa. Katiba ya 1898 ikaweka masharti ya kujua kusoma na kuandika au kumiliki mali, ila ikamwondolea masharti hayo mtu ambaye baba au babu yake alikuwa na haki ya kura kabla ya 1867, yaani weupe. Mwaka 1904 walikuwa wamebaki 1,342.