Ujazo wa umbo la mzunguko: theluthi ya pia inatoka wapi?

Shuleni tulikariri kwamba ujazo wa pia, yaani umbo lenye kitako cha duara na ncha moja juu, ni theluthi moja ya ujazo wa mche duara, umbo kama la kopo, wenye kitako na kimo kilekile. Kwa nini theluthi, na si nusu? Wengi tuliondoka na fomula bila jibu. Jibu lipo, na ni zuri mno kuachwa.

Tuanze na umbo lenyewe. Mtazame mkerezaji: gogo linazunguka kwenye keezo, patasi inafuata mchoro wa upande mmoja tu, na mguu wa kitanda unatoka mviringo pande zote. Kwenye grafu ni vivyo hivyo. Eneo lililo kati ya mstari na mhimili wa x likizungushwa mzunguko mzima kwenye mhimili huo, linazaa umbo la mzunguko.

Ujazo wake tunaupataje? Ikate karoti ya kachumbari. Kila kipande ni duara lenye unene kidogo, na kadiri kinavyokuwa chembamba ndivyo mshazari wa ubavu wake unavyopotea, kikafanana na mche duara mfupi. Mche duara tunaujua: πr² mara kimo. Hapa nusu kipenyo ni y, na kimo ni ule unene mdogo, dx. Kujumlisha vipande vyote, vikiwa vyembamba kupita kiasi, ndiyo kazi ya integresheni, inayoandikwa kwa alama ∫:

V = π∫y² dx

Sasa chukua mstari y = x/2, kuanzia x = 0 hadi x = 6. Ukizungushwa unatoa pia yenye kimo 6 na nusu kipenyo 3. Ikate vipande 6, kila kimoja ukikipa nusu kipenyo cha upande wake mpana: jumla ni 22.75π. Imezidi, maana kila kipande kimejazwa hadi pembeni. Kwa vipande 12 inashuka hadi 20.31π; kwa 60, hadi 18.45π. Inaelekea wapi? Integresheni inamaliza safari: y² ni x²/4, integrali yake ni x³/12, na 6³/12 ni 18. Ujazo ni 18π kamili. Mche duara wa vipimo hivyohivyo ni 54π. Ndiyo theluthi yetu, na imetoka kwenye ile 3 inayogawanya x³ tunapointegreti x² na kupata x³/3.

Wazo la kukata vipande lina umri mrefu. Mwaka 1615 mwanaastronomia Johannes Kepler, akiwa Linz, Austria, alichapisha kitabu kizima juu ya ujazo wa mapipa ya mvinyo, kabla Newton na Leibniz, wanaohesabiwa waasisi wa integresheni, hawajazaliwa.

Mahali wanafunzi wanapopotezea alama zaidi ni kwenye umbo lenye tundu, kama bomba au bangili. Kipande chake ni duara kubwa lililotobolewa duara dogo katikati, kwa hiyo tunatoa eneo kwenye eneo: π∫(R² − r²) dx, R ikiwa nusu kipenyo cha duara kubwa na r cha duara dogo. Wengi huandika (R − r)². Jaribu kwa R = 3 na r = 2: njia sahihi inatoa 9 − 4 = 5, ile nyingine inatoa 1. Ukisita kwenye mtihani, chora kipande kimoja tu pembeni ya karatasi, utie kivuli sehemu yenye nyama, kisha andika eneo la kile ulichokitia kivuli.